Fahamu: Kibao kikibadilishwa mtaani, nani ampishe nani?

Anayebadilisha vibao vya barabarani si mwenyekiti wa mtaa. Barabara za mitaa ya Tarime na Mugumu, mkoani Mara, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi 2017. Ile kuu ya kwenda Sirari, mpakani na Kenya, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu.

Pembetatu iliyopinduliwa, yenye ukingo mwekundu, inakutaka upunguze mwendo na kuwapisha walio kwenye barabara unayoingia. Kibao chekundu cha pembe nane kinataka usimame kabisa, hata kama hakuna gari linalokuja. Bodaboda wengi hukichukulia kibao hiki kama ile pembetatu.

Kibao kikihamishwa, mstari wa zamani kwenye lami ufutwe, la sivyo mgeni atafuata rangi, mwenyeji atafuata mazoea. Mitaa ya vumbi haichoreki na hutegemea kibao tu, hivyo matawi na mabango ya biashara yasikizibe kibao.