Bei ya Aliyenyamaza

Kilichonikera ni tarakimu moja katika ankara ya sahibu yangu wa Mji Mkongwe, ambaye huchukua wageni kwa dau, na ambaye, lugha yetu ikiwa na mzaha wake, huweka dau jingine la shilingi 1,000 katika Google kwa kila mgeni atakayebofya tangazo lake: mbofyo mmoja ulitozwa 751. Nilidhani hesabu imekosewa. Yeye akacheka, akanichukua asubuhi hadi Darajani, kwenye mnada wa samaki.

Mnadi alikuwa na nguru mmoja mnene, na wanunuzi wawili wakipandishana, hata mmoja akanyamaza na nguru akauzwa palepale. Sahibu yangu akaniuliza: huyu aliyeshinda, angeliweza kufika wapi? Hakuna ajuaye, kwani alicholipa si ukomo wa mfuko wake, bali ni ukomo wa mwenziwe na kidogo juu yake. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alionyesha kwamba hata zabuni za siri zaweza kuendeshwa hivyo, mshindi akalipa bei ya wa pili. Na mwaka 2002 Google ikaushika mnada ulio jamaa ya huo.

Ila mnada wa Google una mizani ambayo Darajani haina. Akanichorea mfano kwenye kipande cha gazeti, kwa kuwa alama ambazo Google huwapa wenziwe kwa ubora wa matangazo yao hazijui: mshindani atoa 1,500, lakini tangazo lake goigoi limepewa 4 kwa ubora, ilhali la kwake limepewa 8; 1,500 mara nne ni 6,000, na 1,000 mara nane ni 8,000, basi mwenye dau dogo ndiye akaaye juu, na kwa kuwa 750 mara nane ingemfikisha sawa na mwenziwe, yamtosha kulipa 751.

Hesabu ni nzuri, wallahi. Lakini ni nani aishikaye mizani? Mwaka 2023, mbele ya mahakama huko Washington, ofisa wa Google alishuhudia kwamba kampuni huweza kupandisha bei kwa asilimia 5, pengine 10, na kwamba aghalabu watangazaji hawaarifiwi. Nilimwuliza sahibu yangu iwapo ana yakini kwamba nyuma ya ile 751 yupo mshindani aliyenyamaza kweli. Hakujibu upesi. Akamwashiria yule mnunuzi aliyeshindwa, ambaye bado alikuwa kando ya meza akizihesabu upya noti zake; huyo, akasema, tumemwona.