Hina ya Kweli Haiwi Nyeusi

Katika miji ya pwani, kama Mombasa na Lamu, watu hupaka hina nyweleni ili kuficha mvi. Hina hutoka katika mhina, mti mdogo ustahimilio jua kali. Majani yake hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa mpaka yakawa unga laini. Unga huo hukorogwa kwa maji na ndimu, ukaachwa saa kadhaa mpaka rangi itoke. Kisha hupakwa katika nywele safi, kichwa kikafungwa kitambaa muda wa saa 2 au zaidi, halafu huoshwa.

Lakini yafaa kila mtu ajue ya kuwa rangi ya hina ni nyekundu kama kutu, wala haiwi nyeusi. Atakaye weusi hupaka hina kwanza, kisha unga wa majani ya mmea wa nili. Ukiuziwa "hina nyeusi" ishikayo upesi, jihadhari, kwani mara nyingi imetiwa dawa ya kiwandani iitwayo PPD. Dawa hiyo huweza kuchoma ngozi na kuvimbisha uso, na mtu aliyedhurika nayo mara moja huenda asiweze tena kutumia dawa nyingi za nywele.

Basi, kabla ya kununua, uliza kilichomo. Hata hina safi, ijaribu kidogo mkononi, ungoje siku 2. Wala usimpake mtoto mchanga, maana wako watoto ambao damu yao huharibiwa na hina. Mvi si ugonjwa. Usiziponye kwa kujitia jeraha.