Saa ya Dar es Salaam katika faili la kompyuta

Simu za Android zinazouzwa Kariakoo na kompyuta zinazotumia Linux hupata saa za miji ya dunia kutoka hazina moja ya mafaili ya maandishi, iitwayo tz. Ilianzishwa na Arthur David Olson wa Marekani katika miaka ya 1980, na tangu 2011 imekuwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti.

Sarufi yake ni fupi. Kila mstari ni agizo, na vipande vyake hutenganishwa kwa nafasi tupu. Kinachofuata alama ya # ni maelezo ya watu, programu hukiruka. Neno la kwanza ndilo linaloamua aina ya agizo: Rule huweka sheria za kusogeza saa wakati wa kiangazi (Tanzania haina haja nazo), Zone husimulia historia ya saa ya mahali, na Link huunganisha majina mawili.

Historia ya Dar es Salaam imeandikwa hivi:

Zone Africa/Dar_es_Salaam 2:37:08 - LMT 1931
3:00 - EAT 1948
2:45 - +0245 1961
3:00 - EAT

Baada ya jina hufuata tofauti na saa ya Greenwich, kisha sheria (kistari maana yake hakuna), kifupi cha jina la saa, na mwisho wa kipindi. Mistari ya chini hairudii neno Zone wala jina la mji, na wa mwisho hauna mwaka kwa kuwa kipindi chake hakijaisha. Ile 2:37:08 ni saa ya jua: mji uko nyuzi 39 na dakika 17 mashariki, na kila nyuzi ni dakika nne za saa. Robo saa iliyopungua 1948 ilirudi 1961, mwaka uleule uliojengwa Mnara wa Saa ulio jirani na Mnazi Mmoja.

Hata hivyo, mistari hiyo imewekwa kando katika faili la backzone. Agizo linalotumika kwa kawaida ni hili:

Link Africa/Nairobi Africa/Dar_es_Salaam

Jina linaloelekezewa hutangulia, na wengi hukosea kwa kugeuza mpangilio huo. Miji ambayo saa zake zimelingana tangu 1970 huunganishwa, kwa hiyo kompyuta ikiulizwa saa ya Dar es Salaam mwaka 1950 hujibu kwa saa ya Nairobi, robo saa mbele. Muuza duka hapotezi kitu, mwanahistoria hupotoshwa.

Mtego mwingine uko katika kigezo cha TZ, kinachoieleza kompyuta itumie saa ya wapi. Humo alama za + na - hugeuzwa: saa ya Afrika Mashariki ni EAT-3. Anayeandika EAT+3 hurudi nyuma saa sita, na saa 7:00 asubuhi husomeka 1:00, sawasawa na saa moja ya Kiswahili! Lakini kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, risiti zitabeba tarehe ya jana. Salama ni kuandika Africa/Dar_es_Salaam.