GOBORI MPYA INAKATAA KULIA: SABABU NI NINI?

Wenzetu wanaofuata wababa porini wakati wa likizo wanatuuliza: gobori imetoka kwa mhunzi juzi, fataki inalia pa! lakini risasi haitoki. Iko na uchawi? Bongo tupu! Mara nyingi ni mafuta. Mhunzi anapaka mengi ndani ya mtutu juu ya kutu. Yanashuka, yanaziba katundu kanakopitisha moto na kulowanisha baruti.

Ikikataa, usichungulie mdomoni hata kidogo! Moto unaweza kuchelewa. Shika mtutu ukielekea pasipo mtu, ngoja dakika mbili nzima. Ndipo utoe fataki, upitishe sindano katika katundu, uweke fataki ingine.

Dawa yenyewe ni mbele ya kushindilia. Futa mtutu kwa kitambaa kikavu, kisha lipua fataki mbili bila baruti, mdomo ukiwa karibu na jani chini. Jani likitikisika, njia iko wazi.

Na kama fataki inalia kwa pigo la pili tu, haikukaa vizuri. La kwanza limeisukuma.

(Akili hii ya kuwasha baruti kwa pigo ilitoka kwa mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, mwaka 1807. Alichoka kuona ndege wakikimbia cheche za bunduki yake.)