Nukta Nyekundu Katika Picha za Hati za Kiswahili: Usimamizi wa Rangi na Usafishaji wa Faili Ghafi

Ikisiri

Miradi ya kuhifadhi hati za Kiswahili kwa njia ya kidijitali hupimwa zaidi kwa idadi ya kurasa zilizopigwa picha na ukubwa wa picha hizo. Makala haya yanaeleza kwamba rangi ndiyo sehemu ya ushahidi inayopotea kwa urahisi zaidi, na kwamba mara nyingi hupotea ndani ya programu ya kuhariri picha, baada ya kamera kumaliza kazi yake. Yanafafanua njia ambayo faili ghafi hupitia hadi kuwa picha, yanaonesha mahali ambapo nukta ya wino mwekundu inaweza kubadilika, na yanajadili masharti ambayo sera ya uhifadhi inapaswa kuyaweka.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa Kiswahili aliyetumia herufi za Kiarabu alikabiliwa na sauti zisizokuwamo katika alfabeti aliyoirithi. Sauti /p/, kwa mfano, haina herufi yake katika Kiarabu. Katika hati nyingi za zamani herufi ba, yenye nukta moja chini, hubeba /b/, /p/ na hata /mb/, na msomaji huachiwa muktadha uamue. Katika hati nyingine herufi hiyo hupewa nukta tatu, kwa kufuata desturi ya Kiajemi, ili isomeke /p/. Mtafiti wa lahaja au wa historia ya tahajia anapokutana na nukta hizo tatu, swali lake la kwanza ni nani aliyeziweka. Je, ni mwandishi wa awali, au ni msomaji aliyeipitia hati hiyo miaka mingi baadaye akiwa na kalamu nyingine?

Mara nyingi jibu limo katika wino. Nukta mbili za ziada zenye wekundu hafifu, pembeni mwa matini yaliyoandikwa kwa wino mweusi uliochakaa, ni dalili ya mkono wa pili. Wekundu huo ukipotea katika picha, nukta zote huonekana kuwa za mtu mmoja, na hitimisho kwamba mwandishi wa zama hizo alitofautisha /p/ na /b/ huingia katika machapisho bila mhakiki yeyote kuwa na njia ya kulipinga.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa watafiti walio mbali na hati zenyewe. Hati za Kiswahili zimetawanyika: baadhi zimo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadhi zimo katika Chuo cha SOAS mjini London, na nyingine zimo mikononi mwa familia na misikiti ya mwambao, kama zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilizopigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Mtafiti aliyeko Kampala, Bujumbura au Bukavu hukutana na picha tu. Na hati iliyohifadhiwa nyumbani, ikishaliwa na mchwa au kuharibiwa na unyevu wa pwani, huacha picha ikiwa shahidi wa pekee.

2.0 Neno "kusafisha"

Katika studio za mitaani za Afrika Mashariki, tangu enzi za filamu, mteja alipeleka mkanda wake "kusafishwa". Neno hilo lilitaja kazi mahususi ya kuitoa sura iliyofichika katika filamu kwa kutumia dawa. Faili ghafi ya kamera ya kidijitali inafanana na mkanda ambao haujasafishwa: ina taarifa zote za mwanga, lakini bado si picha ya kutazamwa. Kwa hiyo neno lipo, na ni zuri. Makala haya yanalitumia.

Hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine iliyo maarufu zaidi, nayo ni kuondoa uchafu. Fundi aliyeagizwa kusafisha picha za hati ataondoa umanjano wa karatasi, atafuta madoa, na ataifanya kurasa iwe nyeupe na maandishi yawe meusi kabisa. Atakuwa ametekeleza agizo kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba umanjano na madoa hayo ni sehemu ya kile ambacho mtafiti alikuwa akikitafuta. Ni vema nyaraka za sera zikalifafanua neno hili zinapolitumia, badala ya kudhani kwamba wote wanalielewa kwa namna moja.

3.0 Kilichomo ndani ya faili ghafi

Kihisi cha kamera nyingi hakioni rangi. Kila kitundu chake hupima kiasi cha mwanga tu, na rangi hupatikana kwa kuweka vichujio vidogo juu ya vitundu hivyo kwa mpangilio uliosajiliwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak mwaka 1976. Katika mpangilio huo nusu ya vitundu huchujwa kwa kijani, robo kwa nyekundu na robo kwa buluu. Maana yake ni kwamba robo tatu ya vitundu havikupima mwanga mwekundu hata kidogo. Programu ndiyo hukadiria, kwa kutazama majirani, kila pikseli ilipaswa kuwa na wekundu kiasi gani.

Kwa sura ya mtu au mandhari ya bahari, makadirio hayo hayana madhara ya maana. Kwa nukta ya wino yenye upana wa pikseli mbili au tatu, hali ni tofauti. Nukta hiyo inaweza kuangukia vitundu vichache mno vya nyekundu, na programu nyingi huwa na hatua ya kuondoa "rangi za uongo", yaani rangi za ghafla zinazojitokeza mahali padogo. Programu haiwezi kujua kwamba rangi hiyo ya ghafla iliwekwa na binadamu kwa makusudi. Hatua ya kupunguza chembechembe za rangi hufanya vivyo hivyo. Nukta hubaki mahali pake ikiwa na giza lake, lakini wekundu wake husambazwa katika umanjano wa karatasi.

Mambo huzidi pale picha inapohifadhiwa kwa muundo wa JPEG. Faili ghafi huwa na ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga kwa kila kitundu, kutegemea kama kamera ni ya biti 12 au 14. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi. Upungufu huo hutajwa mara nyingi. Usiotajwa sana ni kwamba JPEG, katika mpangilio unaotumika mno, huhifadhi giza na mwanga wa kila pikseli lakini huhifadhi rangi mara moja tu kwa kila pikseli nne. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa kuzingatia kwamba jicho la binadamu huona mipaka ya giza na mwanga vizuri kuliko mipaka ya rangi. Ni mbinu ya busara kwa picha ya harusi. Kwa irabu na nukta nyekundu, inapunguza kile hasa kinachotafutwa.

4.0 Namba isiyo na hesabu yake

Mtu akialikwa mkutanoni "saa 2", Mswahili atafika asubuhi au jioni ya mapema, ilhali mgeni anayehesabu saa kwa desturi ya Kiingereza ataelewa alasiri au usiku wa manane. Namba ni ileile. Kinachokosekana ni kauli inayosema imehesabiwa kwa mfumo upi. Rangi katika kompyuta zina tatizo hilohilo. Faili husema nyekundu ni 179, kijani ni 70 na buluu ni 26, lakini namba hizo hazina maana mpaka ijulikane zimeandikwa katika mfumo gani wa rangi.

Mifumo hiyo ni kadhaa. Ule wa sRGB, uliopendekezwa na kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, ndio unaotumika zaidi katika skrini na intaneti. Adobe RGB ni wa mwaka 1998. ProPhoto RGB, uliotoka Kodak, ni mpana kuliko yote miwili, na kwa sababu ya upana huo huchaguliwa na wahariri wengi wa faili ghafi. Ili namba zisipotee maana zinapohama, kampuni kadhaa zilianzisha mwaka 1993 Jumuiya ya Kimataifa ya Rangi, inayojulikana kwa kifupi kama ICC, nayo ikaweka kiwango cha wasifu wa rangi: maelezo mafupi yanayopachikwa ndani ya faili na kueleza namba zake zisomwe vipi.

Madhara ya kukosa wasifu yanaweza kukokotolewa. Nyekundu kali kuliko zote katika sRGB huandikwa 255, 0, 0. Rangi hiyohiyo, ikiandikwa katika ProPhoto RGB, huwa takriban 179, 70, 26. Faili ikinyang'anywa wasifu wake, kivinjari cha intaneti kitazisoma namba hizo kana kwamba ni za sRGB, na kitakachoonekana ni kahawia ya udongo wa kichuguu. Hakuna namba iliyobadilika hata moja, lakini wino mwekundu umekuwa wino wa kahawia. Wasifu hupotea kwa urahisi: katika baadhi ya programu unahitaji kuchaguliwa wakati wa kuhifadhi, na programu nyingi za kutumiana ujumbe hubana picha upya na kutupa taarifa zilizoambatana nayo.

Wahariri huchanganya pia amri mbili zinazokaa jirani katika programu. Moja hupachika wasifu na kuziacha namba kama zilivyo. Nyingine hugeuza namba ili rangi ibaki ileile katika mfumo mpya. Kwa mfano wa saa, ya pili ni kuandika "saa 8" mahali pa "saa 2" kwa ajili ya mgeni, na ya kwanza ni kuacha "saa 2" na kuandika kando yake kwamba ni kwa Kiingereza. Aliyekosea amri hubadilisha miadi.

5.0 Weupe ni wa taa au wa karatasi?

Hatua inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni usawazishaji wa weupe. Taa ya balbu hutia picha umanjano, kivuli hutia ubuluu, na programu hulazimika kukisia taa ilikuwaje ili iuondoe mchango wake. Njia mojawapo ya kukisia ni kudhani kwamba wastani wa rangi zote katika picha unapaswa kuwa kijivu. Ukurasa wa hati kongwe hukiuka dhana hiyo kabisa, kwa kuwa karibu picha nzima ni karatasi iliyogeuka manjano. Programu huutafsiri umanjano wa karatasi kuwa ni wa taa, huuondoa, na kwa kufanya hivyo husukuma kila wino upande wa buluu. Kahawia hukaribia nyeusi. Kurasa mbili zilizopigwa chini ya taa moja, moja ikiwa na maandishi mengi na nyingine machache, hutoka na rangi mbili tofauti, na mtafiti anaweza kudhani kuwa karatasi zimetoka sehemu mbalimbali.

Maelezo ya maneno hayawezi kuziba pengo hili, na hapa lugha yenyewe inahusika. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu; rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kufananishwa na kitu, kama kahawia, kijivu au maji ya kunde. Kivumishi -ekundu hubeba udongo mwekundu, ng'ombe mwekundu na damu. Orodha ya maktaba inaposema "wino mwekundu", inaweza kuwa imetaja lolote kati ya hayo, na haikukosea.

Njia ya kuondokana na makisio ni kuweka ndani ya picha kitu ambacho rangi yake inajulikana. Kadi ya rangi yenye vipande 24, iliyobuniwa mwaka 1976, inatosha kwa kazi nyingi. Ikiwa imepigwa pamoja na hati chini ya taa ileile, yeyote atakayekuja baadaye anaweza kupima kipande cha kijivu na kujua programu ilipotoka kiasi gani.

6.0 Masharti ya sera

Sera inayotaja ukubwa wa picha pekee inadhibiti jambo rahisi na kuacha lililo gumu. Viwango vinavyohusisha usahihi wa rangi vipo: ISO 19264-1, mwongozo wa FADGI wa taasisi za serikali ya Marekani, na ule wa Metamorfoze wa Uholanzi. Si kila maktaba ya kanda hii inaweza kufikia daraja la juu la viwango hivyo, na kudai hivyo kungekwamisha kazi. Lakini kadi ya rangi katika kila kikao cha upigaji picha, faili ghafi kuhifadhiwa pamoja na TIFF yenye wasifu, na marufuku ya usawazishaji wa weupe wa kiotomatiki ni masharti ambayo hata mradi mdogo unayamudu. Gharama halisi iko katika hifadhi, na inapaswa kuingizwa katika bajeti tangu mwanzo, la sivyo faili ghafi ndizo zitakazofutwa kwanza diski zikijaa.

Faili ghafi nazo hazijitoshelezi. Kila programu ina namna yake ya kuzisafisha, na programu moja hubadilika: Lightroom 4 ya mwaka 2012 ilileta utaratibu mpya wa kuchakata uliotoa matokeo tofauti na ule wa 2010. Marekebisho ya mhariri huwekwa aghalabu katika faili ndogo ya pembeni, ambayo huachwa nyuma folda zinapohamishwa. Aidha, miundo ya faili ghafi ni mali ya watengenezaji wa kamera. Mwaka 2005 Thomas Knoll, mmoja wa waasisi wa Photoshop, alilalamika hadharani kwamba kamera ya Nikon D2X ilificha taarifa za usawazishaji wa weupe kwa fumbo. Waandishi wa programu huru walilifumbua, lakini maktaba ya umma haipaswi kutegemea bahati ya aina hiyo. Muundo wa DNG, uliotolewa na Adobe mwaka 2004 na kuwekwa wazi maelezo yake, unafaa kuwa nakala ya pili.

Yapo pia makusanyo yaliyokwisha kupigwa picha bila kadi wala wasifu. Si lazima yarudiwe yote. Kazi ya kwanza ni kuyakagua na kubainisha faili zipi zina wasifu na zipi hazina. Kwa zisizokuwa nao, kishawishi ni kuzipachika sRGB zote ili zifanane. Ni afadhali orodha iseme "wasifu haujulikani" na faili iachwe ilivyo, mpaka kurasa chache za hati asili zipigwe upya pamoja na kadi na kulinganishwa. Kurasa za kuanzia ni zile zenye marekebisho juu ya herufi.