Steringi Kavaa Gambuti

Kaunta buku yangu ya katuni imejaa mchizi mmoja. Hapai, haruki maghorofa, na lile shuka la kupepea mgongoni hana. Kavaa gambuti zenye kiraka, tochi ya kichwani inashikiliwa na mpira, na jezi imepauka mpaka huwezi kujua ni ya Simba au Yanga. Jina lake Sikio. Siku naileta kijiweni, wana wa boda hapa Kahama waliipitia ukurasa kwa ukurasa, mmoja akaniuliza, "Oya, sasa huyu steringi gani? Nguvu zake ziko wapi?"

Swali la haki. Sote tumekulia banda umiza, tunajua steringi hafi na ngumi yake moja inalaza kumi. Nguvu za Sikio ni kusikia, mwanangu. Sikuzitoa kwenye muvi, nimezitoa Nyangalata.

Tarehe 5 Oktoba 2015, duara moja kwenye machimbo ya Nyangalata, wilaya yetu hii hii, lilishuka wana wakiwa chini. Mwezi ule Bongo nzima ilikuwa na mzuka wa uchaguzi. Tarehe 25 watu wakapiga kura. Tarehe 5 Novemba, mwezi kamili tangu duara lishuke, Magufuli akala kiapo. Huku juu honi na vigelegele. Kule chini washikaji gizani wanasukuma siku kwa mende, vyura, mizizi na maji ya tope. Mmoja wao alidedi hukohuko. Tarehe 15 Novemba wakatolewa watano, wazima. Siku 41. Nimezihesabu kwenye kalenda kwa kidole, mara mbili.

Hao watano ni vyuma, sina ubishi. Ila akili yangu mimi imenasa kwa wale wengine. Wachimbaji waliokuwa wanapiga mzigo jirani ndio waliosikia sauti zinatoka chini, wakasema, watu wakachimba. Jiweke pale. Umeshuka na moko yako, kichwani una deni la mama lishe, unawaza mawe yako yatakupa nini yakifika kwenye karasha. Mara unasikia mtu anaita kutoka kwenye udongo ambao watu walishaukatia tamaa. Huku kwetu Usukumani stori za mizimu tumekua nazo. Ungesepa mbio, nani angekulaumu? Kusimama, kuweka zana chini, kusikiliza tena, halafu kwenda kuwaambia watu ulichosikia hata kama watakuona umechanganyikiwa: kwangu hiyo ni nguvu kubwa kuliko kunyanyua gari kwa mkono mmoja.

Kuna mwamba mmoja wa Cleveland, Marekani, Harvey Pekar, alikuwa karani wa mafaili hospitali. Kuchora hawezi, kwa hiyo anaandika yeye, wachoraji wanamchorea. Kuanzia 1976 akawa anatoa katuni za American Splendor na steringi ni yeye mwenyewe: foleni ya dukani, porojo za kazini, basi. Nilipomjua nikasema kumbe inaruhusiwa. Na wakongwe wetu wa jarida la Sani walishatuzoesha siku nyingi; akina Lodilofa na Ndumilakuwili ni watu wa uswazi, unawajua hata kabla hujasoma.

Ndiyo maana Sikio nimemjazia vitu vidogo. Anachajisha tochi kwa jero. Anakula ugali dagaa kwa mkopo na analipa kweli akipata mpunga. Jirani yake ni sista anayeponda mawe kwa nyundo, mtoto mgongoni, na huyo nitampa kitabu chake, naapa. Toleo la pili lipo mkononi, maana Agosti 2025 kimenuka tena, Nyandolwa kule Shinyanga, wana 25 wakafukiwa.

Ukurasa niliokesha nao ni wa tisa. Nimeupaka wino mweusi wote, bik tatu zimeisha pale, halafu chini kabisa kwenye kona nimeacha kiputo kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Ndani yake neno moja: "Oya."

Dingi yangu alipiga duara miaka mingi. Mpaka leo akifika nyumbani, kabla hajavua viatu, anaita kwanza, "Mpo?" na haingii mpaka aitikiwe. Bi mkubwa anasema alirudi nayo kutoka machimboni, kule mwenzako akikuita unaitika, hata kama umekasirika naye. Juzi nikampa kaunta buku. Alifunua taratibu, hakucheka, hakuuliza nguvu za steringi ziko wapi. Alipofika ukurasa wa tisa akasogea mlangoni kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya kile kiputo, akakaa nacho muda mrefu.

"Tupo," akasema, kwa sauti ndogo, akiuambia ukurasa.