Kufundisha Kutafuta Hitilafu: Mfano wa Bluetooth

BlueZ, programu inayoiwezesha Linux kuwasiliana na vifaa vya Bluetooth, yafaa sana kuwa mfano wa kufundishia. Iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2001, na msimbo wake u wazi kwa kila atakaye kuusoma.

Spika isipounganika, wanafunzi hukimbilia kubahatisha. Mwalimu awaongoze kupanda ngazi kwa ngazi: kwanza redio ya Bluetooth iliyomo katika kompyuta, pili kiini cha Linux, tatu bluetoothd, programu inayosimamia maunganisho, mwisho programu ya sauti. Chombo kiitwacho btmon huonyesha ujumbe unaopita kati ya Linux na redio hiyo, na hivyo husaidia kubainisha ngazi yenye kasoro. Kisha kila mwanafunzi aandike taarifa: alifanya nini, alitarajia nini, na kilitokea nini.

Zoezi hili lina maana nje ya darasa. Mwaka 2014 mfumo wa OpenBSD uliondoa msimbo wake wa Bluetooth, kwa kuwa haukufanya kazi ipasavyo wala haukuendelezwa. Programu huria hudumu kwa kutunzwa; na taarifa iliyoandikwa sawasawa ni mchango hata wa asiyejua kuandika msimbo.